Ufundi wa Kuanguka

Katika mieleka ya kulipwa, jina humwendea anayerusha. Bango hubeba picha ya yule aliyemnyanyua mwenzake juu ya kichwa, na watoto wakirudi nyumbani huigiza mkono uliopiga. Lakini ingia katika kambi ya mieleka ya Japani umtazame kijana aliyeanza juzi: hafundishwi kurusha. Anafundishwa kuanguka. Wenyewe ufundi huo huuita ukemi, na katika maisha ya Mitsuharu Misawa unaonekana mzima mzima, uzuri wake pamoja na gharama yake.

Ulingo una sura ya kitanda ukiutazama kwenye televisheni. Chini ya turubai kuna godoro jembamba, chini ya godoro kuna mbao, chini ya mbao fremu ya chuma. Anayetupwa juu yake hapati hata sekunde nzima ya kuupanga mwili. Kidevu hukibana kifuani ili kisogo kisitangulie. Pumzi huitoa wakati wa kutua. Hutua kwa mgongo wa juu, mabega yote mawili kwa pamoja, huku mikono ikiipiga turubai kwa viganja, ili kishindo kitawanyike mwilini kisijikusanye mahali pamoja. Akitanguliza kiuno, pingili za mgongo hugongana. Akitanguliza kichwa, shingo ndiyo itakayobeba kilo mia na zaidi. Kwa hiyo vijana hurudia kuanguka siku nenda rudi, huchuchumaa na kuinuka mara mamia, tena huijenga shingo kwa kulala chali na kuunyanyua mwili mpaka ubebwe na nyayo na utosi tu. Kushika na kurusha huja baadaye.

Wapo wanaoidharau kazi hii kwa sababu mshindi hujulikana kabla ya kengele. Ni kweli hujulikana. Ila mbao hazijaambiwa. Makubaliano ya wawili ulingoni hayapunguzi uzito wa mtu anayeshuka kutoka hewani. Yanachofanya ni kumkabidhi mmoja shingo ya mwenzake, na kumtaka huyo mwenzake ajue namna ya kushuka. Mrushaji hodari aliyepewa mwangukaji mbovu ataishia kumuumiza au kumrusha nusunusu, na watazamaji wataona vyote viwili.

Misawa alizaliwa tarehe 18 Juni 1962 huko Yubari, mji wa machimbo ya makaa ya mawe kisiwani Hokkaido, akakulia Saitama, jirani na Tokyo. Alicheza mieleka ya ridhaa katika shule moja ya sekondari mjini Ashikaga, ambako Toshiaki Kawada alikuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja. Mwaka 1981 akaingia All Japan, kampuni ya Giant Baba, jitu la zaidi ya mita mbili lililowahi kuwa mchezaji wa besiboli. Mwaka 1984 alipelekwa Meksiko kujinoa, na mwaka huohuo akaitwa nyumbani kuvaa kinyago cha Tiger Mask, mhusika wa vitabu vya katuni ambaye Satoru Sayama alikuwa amekwisha kumpa uhai katika kampuni pinzani.

Alikaa ndani ya kinyago hicho karibu miaka sita. Kazi ya Tiger Mask ni kuruka: kutoka juu ya kamba, kutoka ulingoni hadi nje, mwili ukipinduka hewani. Anayeruka hivyo hutua mara nyingi kuliko wenzake, na kila kutua ni somo. Alipofikia umri wa miaka 27, Misawa alikuwa na mwili wa uzito wa juu wenye akili ya paka kuhusu mahali sakafu ilipo.

Majira ya kuchipua ya 1990 yaliikuta All Japan matatani. Genichiro Tenryu, nyota wake wa pili, alikuwa ameondoka kwenda kampuni mpya. Tarehe 14 Mei, katikati ya pambano la wawili kwa wawili mjini Tokyo, Misawa alimgeukia Kawada, mwenzake wa upande mmoja, akamwambia amfungue kamba za kinyago. Kikavuliwa, kikatupwa kwa watazamaji, na pambano likaendelea. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Juni, alisimama katika ukumbi wa Nippon Budokan mbele ya Jumbo Tsuruta, aliyewahi kuiwakilisha Japani katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na sasa alikuwa mfalme wa kampuni.

Silaha ya Tsuruta ilikuwa mtupo wa kinyumenyume: humkumbatia mtu kiunoni kwa nyuma, humnyanyua, kisha hujitupa naye kuelekea nyuma ili mabega na kisogo vipokee kishindo. Mwishoni mwa pambano alimkamata Misawa hivyo hivyo. Misawa, akiwa hewani, aliuhamisha uzito wake akaangukia juu ya Tsuruta badala ya kuwa chini yake, wakagaagaa kugombania mabega, mwamuzi akahesabu tatu mabega ya Tsuruta yakiwa chini. Enzi mpya ya mieleka ya Japani ilifunguliwa na mtu aliyejua kuanguka vizuri kuliko aliyemrusha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya Misawa, Kawada, Kenta Kobashi na Akira Taue. Agosti 1992 Misawa alimshinda Mmarekani Stan Hansen na kutwaa taji kuu la All Japan. Akivaa suruali yake ya kijani, alipiga kwa kiwiko mapigo ambayo ukumbi mzima uliyasikia, na uso wake haukusema mengi. Wengine hupokea pigo kwa kupepesuka ulingo mzima. Yeye alilipokea kwa goti lililolegea kidogo, kwa mkono uliochelewa kuinuka, kwa jicho lililopoteza shabaha. Mtazamaji alilazimika kumsogelea kwa macho. Halafu mwamuzi angehesabu moja, mbili, na bega likanyanyuka kabla tu ya tatu, na miguu ya maelfu ya watu ikaanza kugonga sakafu ya Budokan.

Tarehe 3 Juni 1994 alipambana na Kawada kwa zaidi ya nusu saa. Alimmaliza kwa mtupo ambao aliutoa mara chache sana: aliyeinama hufungwa mikono yote miwili kwa nyuma, huinuliwa kichwa kikielekea chini, kisha hushushwa. Utazame tena mtupo huo ukikumbuka kanuni za kambini. Mikono iliyofungwa haiwezi kuipiga turubai. Kawada aliachiwa kidevu, mabega na imani kwa mtu aliyemfahamu tangu shuleni.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza kudai ada yake. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walisifiwa, wakazidi kulikoleza. Kila walipoonyesha kwamba mtu anaweza kushuka vile na kuinuka, watazamaji walijifunza kwamba kushuka vile hakutoshi tena kumaliza pambano, na safari ijayo ilibidi mtu ashuke kutoka juu zaidi. Ukemi ukiwa mzuri huificha hatari. Hatari ikifichika, watu huomba iongezwe. Mwangukaji hodari kuliko wote ndiye huombwa kuanguka kuliko wote.

Giant Baba alifariki Januari 1999, na Misawa akawa rais wa kampuni. Mwaka uliofuata, baada ya kutoelewana na mjane wa Baba, aliondoka na karibu wanamieleka wote wa Kijapani wa kampuni hiyo, akaanzisha Pro Wrestling NOAH. Kuanzia hapo aliubeba mzigo wa ofisi na wa ulingo kwa pamoja. Tarehe 1 Machi 2003, Budokan tena, alimshika Kobashi kwa nyuma, mikono ikiwa imefungwa, akamtupa kutoka kwenye njia iliyoinuliwa ya kuingilia ulingoni hadi sakafuni, na yeye mwenyewe akaenda naye. Kobashi aliinuka na kushinda mkanda wa ubingwa. Ukiutazama tena mtupo huo leo mkono wako unakwenda wenyewe shingoni.

Kobashi huyohuyo aliugua saratani ya figo mwaka 2006. Aliporudi Budokan Desemba 2007, ukumbi ulimpokea kwa machozi, na upande wa pili alimkuta Misawa. Ungetarajia ahurumiwe. Misawa alimpiga viwiko kama zamani, akambana mabega chini, mwamuzi akamaliza hesabu. Kwa watu wa kazi hii hiyo ilikuwa heshima: kumpiga mtu kikamilifu ni kumwambia kwamba bado anaaminika kuanguka.

Machi 2009 NOAH ilipoteza kipindi chake kwenye Nippon Television, na rais hakuweza kupumzika. Tarehe 13 Juni, mjini Hiroshima, Misawa na kijana Go Shiozaki walikuwa wakipambana na Akitoshi Saito na Bison Smith. Saito alimkumbatia Misawa kiunoni kwa nyuma, akamnyanyua, akajitupa naye. Ni mtupo uleule wa Tsuruta, ambao Misawa alikuwa ameupokea mara zisizohesabika. Safari hii hakuinuka. Uti wa mgongo shingoni ulikuwa umejeruhiwa, moyo ukasimama, watu ukumbini wakiliita jina lake. Alifariki usiku huo, siku tano kabla ya kutimiza miaka 47.

Ni rahisi kumlaumu Saito, na wapo waliofanya hivyo, walimwonea. Mtupo wake haukuwa na kosa. Ulimwangukia mtu mwenye shingo iliyokuwa ikiilipa ada hiyo kwa zaidi ya robo karne: si katika usiku wa Budokan tu, bali pia katika maonyesho zaidi ya mia kwa mwaka katika kumbi za michezo za miji midogo, ambako hapakuwa na kamera wala taji, na ambako alianguka kwa uangalifu uleule kwa sababu waliokuja walikuwa wamelipa.

Sifa ya Misawa kwangu imekaa humo zaidi kuliko katika mitupo ya kutisha inayorudiwa kwenye video. Kuanguka mara moja kutoka mahali pa juu, jasiri yeyote ataweza. Kuanguka leo ili kesho uweze kuanguka tena, ukimtunza anayekurusha asionekane mzembe na anayekutazama asijutie nauli yake, huo ni ufundi. Na sisi watazamaji tuna sehemu yetu. Hakuna mtupo wa kawaida. Kuna mtupo uliopokewa na mtu anayeijua kazi yake. Huo upigiwe makofi kabla hatujadai mwingine.