Nyumba ina simu, bibi je?

Ukitaka kujua Watanzania wangapi wana simu, hutachelewa kukutana na Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa 2022, maarufu kama TDHS-MIS. Ni kazi kubwa na makini. Ila kabla hujanakili jedwali lake kwenye tasnifu yako, angalia nani aliulizwa. Kama una simu yako mwenyewe, waliulizwa wanawake na wanaume wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 70 hayumo. Yeye anaingia kupitia dodoso la kaya, linalouliza kama kuna yeyote nyumbani mwenye simu. Mjukuu akiwa nayo, tiki inawekwa.

Tusiwaonee waandaaji: walilenga zaidi uzazi, afya ya mtoto na malaria. Kosa linaanza pale tunapoichukua tiki hiyo na kuandika eti simu zimewafikia wazee, kilichobaki ni programu ya kuwaondolea upweke.

Hebu twende Msasani, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji. Mzee aliyevua samaki miaka 40 amepoteza laini yake. Tangu usajili ule uliofikia ukomo Januari 20, 2020, laini inataka kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Sasa, ngozi ikizeeka hukauka na kulegea, na mistari ya vidole hufifia. Ongeza kamba, nyavu na maji ya chumvi, mashine inaweza kugoma kabisa kukisoma kidole. Hapo utasema mzee hajui teknolojia?

Halafu kuna pesa. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, pesa ya mtoto aliye mbali mara nyingi ililetwa na mtu. Mtu huyo alikaa, akanywa chai, akatoa habari na kubeba salamu. Leo inaingia kwa ujumbe, haraka zaidi, na hakuna anayetaka kurudi kwenye kuotea basi. Lakini kwa mzee asiyeona vizuri, ujumbe huo husomwa na mwingine, na namba ya siri anayo huyo huyo. Akiwa mwema, simu inamuunganisha mzee na wanawe. Akihama, au akiingiwa na tamaa, mzee anabaki na simu mkononi na hana mtu.

Si jambo dogo hili. Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kuuhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Ukipima upweke wa wazee kwa kuhesabu simu, utamtuliza mfadhili tu.

Kwa hiyo, kama unaandaa dodoso lako, acha swali la umiliki lakini ongeza matatu: Wiki hii nani alikupigia? Nani hukusomea ujumbe? Asipokuwepo, unamwita nani? Na umuulize mzee mwenyewe, mjukuu akiwa ametoka nje kidogo. La sivyo, atakayekujibu ni yule yule anayeshika simu.