Jembe Bila Shauri

Katika kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea, cha mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika mashauri ya shamba la shule. Neno hilo ni jema. Lakini sisi walimu wa Kasulu na Kibondo tulilishika nusu: jembe tukawapa watoto, shauri tukabaki nalo. Hata baraza la wanafunzi mara nyingi ni viranja tuliowateua sisi. Hupeleka amri zetu, wala hawaleti haja za wenzao. Kijitabu chaonyesha shabaha kuliko njia. Njia ni hii: watoto wachague wasemaji wao, wakiuliza maharage waliyolima yamekwenda wapi, tuwajibu mbele ya wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawapa haki ya kusikilizwa. Je, ndugu walimu, twaliogopa swali hilo?