Ngozi Isiyo na Sugu

Mama hakuanza na bei. Tulikuwa Kamukunji, Nairobi, kule ambako nyundo hulia kutwa hadi watu wakaongea kwa ishara, tumekwenda kununua sanduku la bati la kidato cha kwanza. Alifungua kifuniko, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani. Pembe tatu zikapita. Ya nne akasita.

"Fundi, hapa panakata."

Fundi akaweka kiganja palepale, akasugua kwa nguvu, kwenda na kurudi. "Hapakati, mama. Tazama." Akatuonyesha kiganja. Kweli, hakikuwa na hata mkwaruzo.

Kwa miaka mingi nilimhesabu yule fundi kuwa mwongo. Sasa naona alisema kweli yake. Mkono uliokata na kukunja bati tangu ujana huota sugu ngumu kama soli ya kiatu, na bati likiukwaruza haupati habari. Anayelijua bati kuliko sisi sote ndiye asiyeweza tena kulipima makali.

Wapo watu wanaolipwa mshahara kufanya alichofanya mama siku ile, nami nimeipenda kazi yao tangu nilipojua inavyofanyika. Hukaa maabara, mbele yao gari la kuchezea au ndoo ndogo ya mtoto ya kuchotea mchanga. Kwanza huchukua kidole cha bandia, chenye viungo vinavyopinda kama vyetu, wakakiingiza kila upenyo. Ukingo ambao kidole hicho hakiufikii huachwa, hata ukiwa kama wembe. Ukingo unaofikika hungoja zamu yake.

Zamu hiyo ni ya kijiti laini cha chuma, chenye kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 9, unene wa kidole cha mtoto. Kijiti huvikwa utepe mweupe, jamaa wa ule ambao mafundi bomba huuzungushia mdomo wa bomba kabla ya kufunga koki. Ni dutu ileile inayozuia chapati kushika kwenye kikaango, aliyoigundua Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938 wakati akitafuta gesi ya majokofu. Sidhani alifikiria vidole vya watoto. Utepe huo hugusishwa ukingo kwa nguvu ya newtoni 6, kama uzito wa unga wa gramu 600, kisha kijiti huzungushwa mara moja tu. Haifiki hata sekunde mbili. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 71-1, utepe ukikatika zaidi ya nusu ya urefu wake, ukingo huo umehukumiwa kuwa mkali.

Kisha utepe hubanduliwa, ukavishwa mwingine. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Sisi wenye mikono tunakumbuka: tukikatwa leo, kesho tunagusa kwa woga, tukizoea, hatuhisi kitu. Utepe hauna jana. Kila ukingo hukutana na ngozi mpya, ngozi ya mtu ambaye hajawahi kushika bati maishani mwake, na mtoto wa mwaka mmoja ni mtu wa namna hiyo hasa.

Wapimaji hawa pia hawakubali kuchezewa akili na kitu kipya kinachong'aa. Huangusha kichezeo mara 5 kutoka sentimita 85, kimo cha meza na kidogo juu, kwenye bamba la chuma, halafu wakarudi kupima kilichojitokeza. Plastiki iliyotoka kiwandani mviringo huweza kuvunjika ikatoa kisu. Huwa nafurahi nikiwaza mtu mzima, mwenye shahada, akiangusha kidubwasha asubuhi nzima kama mtoto aliyenuna.

Makali yenyewe mara nyingi hayakukusudiwa na mtu. Mkasi ukiwa butu haukati bati, hulirarua, ukaacha vimeno visivyoonekana kwa macho. Mafundi wa mashine huvisaka kwa pamba: wanaipitisha ukingoni, nyuzi zikinasa wanachukua tupa. Ni ujanja mzuri, nautumia hata nyumbani kwenye rafu za chuma. Lakini pamba hukuambia tu kwamba kipo kinachonasa. Haikuambii kama kitapasua ngozi, wala kwa nguvu kiasi gani.

Mama hakuwa na utepe wala pamba. Alikuwa na kidole gumba kilichozoea sindano na maji ya moto, kidole chenye sugu zake pia. Ndiyo maana, nadhani, hakubishana na kile kiganja kilichonyooshwa mbele yake. Alinishika mkono mimi, nikiwa na miaka 14, akataka kuuweka pale kwenye pembe ya nne.

Fundi akauzuia. Alichukua koleo bila neno, akaupinda ukingo kwa ndani, akaugonga mpaka ukalala. Mama akapitisha kidole tena, pembe zote nne, ndipo akauliza bei.