Asali Iliyoiva: Namna ya Kuichagua Sokoni

Kwenye meza za wauza asali hukosi kuonyeshwa jaribio la kiberiti: njiti inachovywa, inawashwa, inawaka, nawe unahakikishiwa kwamba asali ni halisi. Usiridhike. Sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito nayo hufaulu mtihani huo, na ule wa kudondosha tone kwenye glasi ya maji. Swali la mjuzi ni jingine: asali hii ilirinwa ikiwa imeiva?

Nyuki huipunguza maji asali mbichi kwa kuipepea kwa mabawa, kisha huziba vijumba vya sega kwa nta. Iliyozibwa huwa na maji yapata asilimia 18, na kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi hakizidi 20. Mrina mwenye pupa akikata masega yaliyo wazi, maji hubaki mengi, na asali haikawii kuchacha.

Anza na macho. Povu juu ya chupa, au kifuniko kinachofyuka hewa, ni dalili ya kuchacha. Inua kijiko: asali iliyoiva hushuka kama uzi usiokatika, ikajilundika kidogo kabla ya kutandaa. Rangi haiamui kitu. Ya misitu ya miombo ya Tabora mara nyingi huwa ya kahawia, ya kwingine ikawa ya njano. Wala usiikimbie iliyoganda. Hiyo ni glukosi yake yenyewe iliyofanya chembe. Chupa ikikaa kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Maji yanayochemka huiondolea harufu.

Pua ifuate. Mizinga hufukizwa moshi ili nyuki watulie, lakini harufu ya moshi ikitangulia ile ya maua, mrina alizidisha. Harufu ya pombe haina utetezi.

Sasa onja, usimeze upesi. Sukari tupu hupiga ulimi mara moja ikaisha; asali njema hubadilika mdomoni na kuacha ukali kidogo kooni. Ladha nzito isiyo safi huenda imetokana na majana na chavua vilivyokamuliwa pamoja na masega. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina sheria yake: huwa nyepesi na chachu kwa asili, basi usiihukumu kwa vipimo hivi.

Mchanganyiko uliofanywa kwa ustadi hugunduliwa na maabara tu. Kwa hiyo mpime na muuzaji: “Mama, hii imerinwa lini, msitu gani, na masega yalikuwa yamezibwa?” Anayenunua moja kwa moja kwa warina hujibu bila kutafuta maneno. Chukua chupa ndogo kwanza, na nyumbani ifunge barabara, kwani asali huvuta unyevu wa hewani. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe, hata iwe safi namna gani.