Waya wa Tatu

Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, linajulikana Nairobi nzima kwa nyama. Wateja huwasifu wenye bucha wao kwa majina. Fundi anayefunga sensa za vyumba vya baridi hasifiwi na mtu, na hiyo ni dhuluma.

Sensa ya kuaminika kwa kazi hiyo ni Pt100: platini yenye ukinzani wa omu 100 katika nyuzijoto 0. Joto likipanda nyuzi 1, ukinzani huongezeka omu 0.385 hivi. Kwa hesabu ndogo namna hiyo, waya wenyewe unaweza kusema uongo. Vuta nyaya mbili za milimita 0.75 za mraba, mita 20 hadi kwenye paneli, na shaba itaongeza karibu omu 1, kwenda na kurudi. Skrini itasoma nyuzi 2.5 zaidi. Nyama iko 1.5, skrini inasema 4, kompresa hainyamazi na stima inaliwa bure. Mwenye mali akishusha hadi skrini isome 0, nyama inaanza kuganda.

Ndipo fundi huongeza waya wa tatu. Nyaya mbili nyekundu hushikana upande mmoja wa sensa, mweupe upande wa pili. Kifaa hupima ukinzani wa waya na kuutoa kwenye hesabu, mradi nyaya zote zilingane urefu na unene. Kabla ya kufunga, fundi hupima kwa mita: kati ya nyekundu mbili, karibu 0, kati ya mwekundu na mweupe, omu 109 hivi palipo na nyuzi 23. Akikuta vingine, hafungi.

Umbali ukizidi, kama viwandani ng'ambo ya reli, huweka transmita, kifaa kinachogeuza kipimo cha sensa kuwa mkondo wa umeme. Nyaya mbili tu hubeba umeme wa volti 24 pamoja na habari: miliampea 4 hadi 20. Kwa kipimo cha -20 hadi +20, nyuzi 0 ni miliampea 12, na urefu wa waya hauvurugi kitu, kwa kuwa mkondo ni uleule kila mahali kwenye mzunguko. Uzuri wake mkubwa uko kwenye ile 4. Baridi kali kabisa bado ina mkondo. Waya ukikatika, mkondo ni 0, na kengele inalia.

Lakini transmita ya nyaya nne ina umeme wake yenyewe. Ukiiunganisha kwenye paneli inayotoa volti 24, vyanzo viwili vinagongana. Kwa hiyo fundi mwema husoma mchoro kwanza, huunganisha ngao ya kebo na ardhi upande mmoja tu, kisha huandika namba kwenye kila ncha ya waya kwa ajili ya fundi atakayefungua paneli hiyo baada yake.