Macho ya Kuazima

Jioni ya mechi, ukishuka kwenye mwalo wa Muleba utakuta redio imening'inizwa kwenye nguzo ya kibanda, na chini yake wanaume wanashona nyavu. Vidole vinafunga mafundo, macho yako kwenye uzi, masikio yako kwenye Uwanja wa Kaitaba. Visiwani Bumbire na Goziba ni hivyo hivyo: dagaa wanaanuliwa, taa za kuvulia zinaandaliwa, na sauti moja kutoka Bukoba mjini inawaambia watu mpira uko wapi. Hakuna aliyekanyaga uwanjani siku hiyo, lakini usiku, ziwani, watabishania penalti kana kwamba walikaa nyuma ya goli.

Aliyewapa ubishi huo ni mtangazaji wa mpira, na kazi yake naitukuza. Ni mtu anayewaazima wenzake macho. Mbele yake wanakimbia wachezaji 22, na katika kila sentensi anatakiwa aseme mambo matatu kabla hayajapitwa na wakati: nani ana mpira, yuko sehemu gani ya uwanja, na anaelekea wapi. Akisema "beki wa kushoto anapanda, amevuka mstari wa kati, anatafuta wa kumpa", msikilizaji amekwisha kuchora uwanja kichwani. Akisema "anamimina krosi", mshona nyavu anasimamisha sindano hewani. Sauti ya mtangazaji nayo haina budi kupanda na kushuka pamoja na mpira. Anayepiga kelele mpira ukiwa katikati ya uwanja atakosa pa kupandia utakapoingia ndani ya kumi na nane.

Uzito wa kazi hii niliujua siku ilipokosekana. Nilikuwa kwenye basi kutoka Muleba kwenda Bukoba, mechi ikitangazwa, dereva amefungulia redio sauti ya juu ili abiria wote tufaidi. Watangazaji walikuwa wawili, sauti zao nzito na nzuri. Walitaniana kuhusu timu wanazozishabikia, wakasalimia marafiki, wakasoma tangazo la mdhamini, wakacheka. Tulifika Muhutwe bila kujua ni ngapi ngapi. Mama mmoja mtu mzima, kikapu kikiwa mapajani, akauliza kwa upole: "Wanangu, mpira unachezwa au umesimama?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Swali lile ndilo ningependa libandikwe ukutani katika kila studio inayotangaza mpira.

Nchi hii ililelewa na watangazaji waliolijua jibu lake. Mwaka 1979, Peter Tino aliposawazisha kule Ndola dhidi ya Zambia na kuipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Waliobaki nyumbani walilipokea bao lile kwa masikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo uwanja wa taifa zima. Majina kama Ahmed Jongo, Charles Hilary na Juma Nkamia yalijulikana vijijini sawa na majina ya wafungaji. Mwaka 2025 ulituondolea wakongwe wawili wa kazi hii Afrika Mashariki: Leonard Mambo Mbotela wa Kenya mwezi Februari, na Charles Hilary mwezi Mei. Waliowasikia wakitangaza wanajua ni nini kilichozikwa nao.

Milango ya redio binafsi ilipofunguliwa miaka ya 1990, sauti ziliongezeka. Leo Bukoba ina vituo vyake, Kasibante FM na Vision FM miongoni mwao, na mtu wa Kagera hasubiri tena Dar es Salaam imkumbuke. Hiyo ni neema. Redio ya biashara inaishi kwa matangazo, wala si dhambi: bila mdhamini hakuna mafuta ya jenereta, na fundi mitambo halipwi. Ila biashara huja na kishawishi chake. Anapotafutwa mtu wa kushika maikrofoni, huulizwa kwanza ana wafuasi wangapi na anachekesha kiasi gani. Mama wa kwenye basi hakumbukwi.

Kagera haina sababu ya kukosa watangazaji bora, kwa kuwa ufundi huu una mizizi hapa kabla ya redio. Katika himaya za Wahaya, manju wa nanga aliketi na ala yake ya mbao yenye nyuzi, akasimulia vita ambavyo wasikilizaji wake hawakuviona, nao wakaviona. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alitumia miaka mingi kuwachunguza manju hao na kuthibitisha kwamba kazi yao ni utendi wa kweli. Pamoja nao palikuwa na mtu wa kivugo: shujaa aliyesimama mbele ya mfalme, yaani Mkama, mkuki mkononi, akatamka matendo yake kwa kasi na pumzi ndefu, kila jina likiwa na sifa yake. Wanafunzi wetu wanakisoma kivugo darasani kama utanzu wa fasihi simulizi. Wapo ambao hawajagundua kwamba kasi hiyo na pumzi hiyo wanazisikia kila wiki kutoka Kaitaba.

Lakini urithi huu unataka kutumiwa kwa akili. Manju alijua hadithi inaishia wapi, mtangazaji hajui. Hawezi kuandaa mapema sentensi ya bao la dakika ya 89, anachoweza ni kujiandaa mwenyewe: ajue majina ya wachezaji na namna ya kuyatamka, ajue namba zao, ajue nani anatumia mguu wa kushoto, ajue nani ametoka kwenye majeraha. Kivugo nacho kina mtego wake. Shujaa wa kivugo alijisifu mwenyewe, na alikuwa na haki hiyo kwa sababu vita alipigana yeye. Mtangazaji hakucheza. Sifa zake zote ni za kugawa. Siku anapoanza kujivuga yeye, mpira unatoweka redioni.

Basi mtu wa namna hii achaguliwe vipi? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua ni la zamani. Tarehe 15 Januari 1927, redio ya BBC ilitangaza kwa mara ya kwanza mchezo moja kwa moja, mechi ya raga kati ya Uingereza na Wales pale Twickenham. Mtangazaji alikuwa Henry Wakelam, mchezaji wa zamani wa raga. Lance Sieveking, aliyesimamia matangazo hayo, alimketisha mtu asiyeona karibu na kibanda cha mtangazaji, akamwambia Wakelam amweleze huyo. Wiki moja baadaye Wakelam huyo huyo alitangaza soka, Arsenal dhidi ya Sheffield United. Jarida la vipindi la redio hiyo lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa kwa miraba yenye namba, na sauti ya pili ikawa inataja mpira uko mraba upi.

Karibu miaka mia imepita na sioni usaili ulio bora zaidi. Wakuu wa vituo vya Bukoba na Muleba wanaweza kuufanya Jumamosi yoyote bila gharama. Mpeleke kijana Kaitaba, au hata kwenye kiwanja cha shule Kamachumu. Mketishe kando yake mtu asiyeona anayeupenda mpira. Baada ya dakika kumi muulize msikilizaji huyo: ni ngapi ngapi, nani anashambulia, mpira umekaa zaidi upande gani? Akijibu sawasawa, umempata mtangazaji. Akisema kwamba kijana ana sauti tamu, endelea kutafuta.

Mchambuzi naye apimwe kwa kipimo chake, maana kazi yake ni nyingine. Mtangazaji anasema nini kimetokea, mchambuzi anasema kwa nini. Nafasi yake ni pale mpira unapokuwa umetoka, au mchezaji anatibiwa, au mapumziko yamefika. Mchambuzi mzuri hujulikana kwa kunyamaza: mpira ukirushwa tu, anakata sentensi yake katikati na kumwachia mwenzake. Tangazo la mdhamini lifuate adabu hiyo hiyo. Bia, sabuni na mtandao wa simu vinaweza kusubiri kona ipigwe.

Na ushabiki? Wote tuna timu, na anayesema hana anatudanganya. Wanankurukumbi, yaani Kagera Sugar, ni watoto wa nyumbani, furaha yao ni yetu. Lakini bao la mgeni nalo lazima litangazwe likiwa kamili, pasi iliyolizaa na mguu uliolifunga, kwa sababu mwenye kuazimwa macho anataka kuona vyote, hata kinachomuumiza.

Kagera Sugar ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Timu ikiwa chini, macho ya taifa huhamia kwingine, na hapo ndipo redio ya nyumbani inapohitajika kuliko wakati wowote. Enyi wakuu wa vituo, mnapomchagua atakayeketi Kaitaba na maikrofoni, fumbeni macho mumsikilize. Kule Goziba kuna mtu ameweka redio juu ya mtumbwi wake, mikono imejaa uzi, naye anauliza swali la yule mama. Mpeni mtu wa kumjibu.