Kisu Kisichochagua

Wakemia wengi wanaounda kampaundi za metali za kukata DNA hutamani kisu chenye akili, kinachotafuta mahali pamoja tu katika uzi wote na kukata hapo. Tamaa hiyo ni halali. Jacqueline Barton ameunda kampaundi za rodiamu zinazobaini herufi za DNA zilizooanishwa vibaya, na kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini mapenzi yangu yapo kwa kisu kijinga kuliko vyote, kisichotafuta chochote wala kupendelea herufi yoyote: ayoni ya chuma iliyoshikwa na molekuli iitwayo EDTA.

Ujinga huo una sababu zake. Chuma kikishikwa na EDTA hubeba chaji hasi, na DNA nayo ni hasi, kwa hiyo havikaribiani. Kisu chenyewe hakigusi kinachokatwa. Kikipewa haidrojeni peroksaidi, chuma huivunja na kutoa radikali ya haidroksili, chembe yenye ukubwa wa molekuli ya maji na ukali usio na simile. Henry Fenton wa Cambridge aliueleza mmenyuko wa chuma na peroksaidi mwaka 1894, miaka mingi kabla umbo la DNA halijajulikana. Vitamini C hukirudishia chuma elektroni iliyotumika, kazi ikaendelea. Radikali hung'oa haidrojeni kwenye sukari ya uti wa DNA, na uzi hukatika. Sukari hiyo ni ileile chini ya kila herufi.

Mwaka 1985, Thomas Tullius na Beth Dombroski wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliilaza DNA juu ya fuwele za kalsiamu fosfeti, kisha wakaachia radikali. Upande ulioegemea fuwele ulisalimika, upande wa juu ulikatwa. Kwa kuwa DNA imesokotwa, mikato ilipanda na kushuka kwa mpangilio, na mzunguko mmoja ukawa na wastani wa jozi 10.5 za herufi. Kielelezo cha Watson na Crick cha mwaka 1953 kilikuwa na 10. Nusu jozi! Tena katika kitu chenye unene wa nanomita 2 hivi.

Protini ikikalia DNA, huacha kivuli. Mvua ikinyesha ufukweni palipopinduliwa ngalawa, ukiiondoa utaona umbo lake lote katika mchanga mkavu. Ndivyo protini inavyosomwa. Galas na Schmitz walikwisha kuonyesha njia mwaka 1978 kwa kutumia kimeng'enya kinachokata DNA. Ila kimeng'enya chenyewe ni libwana likubwa: hakiingii pembeni, na kina mapendeleo yake. Radikali hupenya kila mwanya.

Ufundi wenyewe uko katika kujizuia. Molekuli nyingi zinapaswa kubaki nzima, na iliyokatwa ikatwe mara moja tu. Alama ya mionzi huwekwa kwenye ncha moja ya uzi. Ukikatwa mara mbili, filamu inayonasa mionzi hiyo itaonyesha kile kipande cha karibu na alama peke yake, na usomaji utadanganya. Ndiyo maana mmenyuko huachwa dakika moja au mbili, kisha huzimwa kwa thayourea. Halafu kuna gliseroli, adui asiyetajwa. Protini nyingi huhifadhiwa humo, nayo hunywa radikali kabla hazijaifikia DNA. Asiyeiondoa kwanza hupata filamu safi, haina habari.

Mwaka 1989, John Latham na Thomas Cech walikipeleka chuma hikihiki kwenye RNA ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja; ni ile RNA inayojikata yenyewe. Palipokuwa na magnesi ya kutosha, sehemu fulani za RNA zilijificha na zisikatwe. Kumbe RNA nayo ina ndani na nje, kama protini! Kisha mwaka 1998, watafiti waliotumia miale ya eksirei ya maabara ya Brookhaven, Marekani, walivunja maji yenyewe kupata radikali, wakaitazama RNA hiyo ikijikunja kwa vipimo vya milisekunde. Hapo chuma hakikuhitajika.

Kwa kasi, miale imeshinda, na sioni haja ya kubishana. Lakini miale ya namna hiyo hudai mtambo mkubwa ambao nchi nyingi hazina. Chuma, EDTA, vitamini C na peroksaidi hukaa kwenye rafu ya maabara yoyote ya kemia, na kwa umbo lililokwisha kutulia hutoa jibu lilelile.